Maji Yanapoanza Kushuka Polepole

Nimesimamia nyumba ya ghorofa yenye wapangaji kwa muda wa kutosha kujua kwamba simu ya usiku wa manane haiwi ya umeme wala ya kitasa. Umeme ukikatika watu hulala. Kitasa kikigoma mtu hujisitiri kwa jirani. Lakini maji machafu yakianza kupanda kutoka kwenye tundu la sakafu ya bafu, hakuna anayengoja kukuche. Kwa hiyo mabomba nimeyajua kwa kulazimika: kumshikia fundi tochi, kumuuliza maswali mpaka ahamaki, na kuchungulia kila kinachotolewa ndani ya bomba hata kiwe kinanuka vipi. Ukikitazama kilichotoka, utajua nani alifanya nini, na kwa muda gani.

Fundi aliyenifunza zaidi ni mzee mmoja asiye na maneno mengi. Akifika haulizi pameziba wapi. Anauliza, "Yalianza lini kuchelewa?" Mwanzoni niliona ni swali la kupoteza muda, maana sinki limejaa na mpangaji amesimama pale na ndoo mkononi. Lakini jibu lilikuwa lile lile nililokuja kulisikia kwa kila mtu: "Yalikuwa yanachelewa kidogo tangu zamani, ila yalikuwa yanashuka." Bomba lililoziba leo lilianza kuziba miezi iliyopita, na muda wote huo lilikuwa linatoa taarifa. Maji yanazunguka sinkini kabla ya kuondoka. Tundu linakoroma maji yakishakwisha. Harufu inakuja asubuhi na kupotea mchana. Choo kinajaa juu kuliko kawaida, kisha kinashuka taratibu. Katika hatua hiyo kazi huwa ya muda mfupi, ndoo moja na mikono miwili. Yakisimama kabisa, huenda mkafika kuvunja vigae.

Tangu nilipoelewa hivyo, nimewaomba wapangaji wasinipigie maji yakisimama, wanipigie yakichelewa. Wengine walinicheka. Wapo waliozoea, na hao ndio ambao sasa tunaonana mara chache.

Jambo la pili ni kusoma mahali. Kama ni beseni la kunawia peke yake linalochelewa, na bafu na choo viko sawa, uchafu uko karibu, katika kipande kinachohudumia beseni hilo tu. Kama vitu viwili au vitatu vinachelewa pamoja, au ukivuta maji chooni bafu linakoroma, basi tatizo liko mbele, kwenye bomba kuu ambalo vyote vinamwagia. Nyumba ikiwa na ghorofa, bomba kuu likiziba chini, maji ya watu wote hutafuta tundu lililo chini kuliko yote na kutokea hapo. Kwetu lilikuwa bafu la mama mmoja wa chumba cha chini, na kwa muda mrefu majirani walimwona yeye ndiye mchafu. Alikuwa amenunua chujio, anafuta sufuria kabla ya kuosha, haingizi hata unywele mmoja kwenye tundu. Maji yaliyomjaa bafuni yalikuwa ya wa juu. Siku fundi alipofungua chemba ya nje, lile shimo lenye mfuniko la kukagulia mabomba, na kuwaonyesha wote kilichokuwemo, mabishano yakaisha, na nadhani mama yule alifurahia zaidi hilo kuliko kuzibuliwa kwenyewe.

Kilichokuwemo kilikuwa mafuta ya kupikia. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jikoni hakuna adui mwingine anayemkaribia huyu.

Mafuta yakiwa ya moto ni maji. Yakipoa yanaganda, hasa yale ya wanyama, siagi, na mafuta yanayouzwa yakiwa magumu. Mtu anamwaga ya kikaango sinkini, yanateleza, haoni chochote, anaendelea na shughuli zake. Ndani ya bomba yanapoa na kuacha utando ukutani. Kesho utando unashika chembe za chakula, keshokutwa unaongezewa utando mwingine, na njia inazidi kuwa nyembamba. Kile tulichokitoa kwenye chemba kilikuwa cheupe, kigumu, kinakatika kwa koleo. Wapangaji karibu wote walikuwa na utetezi mmoja: "Lakini mimi namwagia maji ya moto na sabuni." Ni kweli wanamwagia. Maji ya moto yanayasukuma mafuta mpaka pale yanapopoa, yaani mbali zaidi na mkono wako, na sabuni inayashika kwa muda kisha inayaachia. Umelihamisha tatizo kutoka chini ya sinki, ambako mtu angelitoa kwa dakika chache, ukalipeleka chini ya sakafu.

Huko mbele linakuwa baya zaidi, kwa sababu asidi za mafuta hukutana na kalsiamu iliyo kwenye maji na kwenye saruji ya mitaro, vikageuka aina ya sabuni ngumu. Mwaka 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel, London, wafanyakazi wa maji taka walikuta bonge la namna hiyo, mafuta yaliyoshikana na vitambaa vya kufutia, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa takriban tani 130. Mwaka uliofuata kipande chake kiliwekwa kwenye makumbusho ya jiji hilo, watu wakaenda kukitazama. Mimi nilishaona la kwetu, lilinitosha.

Dawa ya mafuta ni rahisi kiasi kwamba watu huidharau. Kuwe na kopo jikoni. Mafuta yaliyobaki yaache yapoe, yamimine humo, kopo likijaa lifunge litupwe na takataka. Kikaango na sahani zenye mafuta zifutwe kwa karatasi au gazeti kabla hazijaguswa na maji. Kufuta tu kunazuia sehemu kubwa ya yote. Na kuyamwaga chooni badala ya sinkini si ujanja. Bomba ni lile lile, limebadilika mlango tu.

Baada ya mafuta, vitu vingine vya jikoni ni wafuasi. Unga ukilowa unakuwa gundi. Mchele na tambi hufura hata baada ya kupikwa. Majani ya chai na machicha ya kahawa hayayeyuki, yanakwenda kulala kwenye kona. Chujio dogo la chuma juu ya tundu la sinki linatosha, kwa sharti moja, kwamba likung'utwe kwenye ndoo ya taka. Nimewaona watu wanaolinyanyua likijaa na kukung'utia humo humo sinkini.

Bafuni mambo ni nywele. Unywele mmoja hauzibi kitu, lakini haupiti peke yake: unanasa kwenye ukingo wa kiungo, unamshika mwenzake, kisha sabuni ya mche inakuja kuwafunga pamoja, hasa kwenye maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi, ambako sabuni huacha ule utando wa kijivu unaouona hata kwenye beseni. Nywele zimeumbwa kwa protini iitwayo keratini, ambayo haiozi haraka, kwa hiyo usitarajie kwamba zitayeyuka zenyewe. Chujio juu ya tundu, na mara moja kwa wiki kufungua kifuniko na kuvuta kilichonasa kwa ufito wa plastiki wenye meno. Inatia kinyaa. Ndiyo sababu watu huiahirisha, na ndiyo sababu mafundi hawakosi kazi. Anayesuka, kufumua au kunyoa nyumbani afanye hivyo penye sakafu kavu, afagie, asiogee kwanza ndipo afikirie nywele zimekwenda wapi.

Chooni nina sheria fupi: kinachotoka mwilini, na karatasi ya chooni. Pedi, nepi, pamba, uzi wa kusafishia meno, nywele za kitanani, kondomu, mabaki ya chakula, vyote viende kwenye ndoo yenye mfuniko. Ugumu ni vile vitambaa laini vyenye unyevu vya kufutia watoto na vipodozi, kwa sababu baadhi ya pakiti zimeandikwa kwamba vinaruhusiwa kutupwa chooni. Nilichoka kubishana kuhusu maandishi ya pakiti, nikaweka ndoo mbili za maji kwenye ngazi. Moja nikatumbukiza karatasi ya chooni, nyingine kile kitambaa, nikakoroga zote mbele ya waliokuwa wanapita. Karatasi ilitawanyika mara moja ikawa uji, kwa kuwa nyuzi zake ni fupi na zimetengenezwa ziachane zikilowa. Kitambaa kilibaki kitambaa. Nikakiacha humo, kesho yake bado ungeweza kukikamua na kukianika. Vingi vya namna hiyo vina nyuzi za plastiki ndani yake. Baada ya ile ndoo sikuhitaji tena tangazo ukutani.

Watu pia hudhani kwamba kilichopita shimo la choo kimeshapita. Choo chenyewe kina njia iliyopinda ndani ya kauri, na njia hiyo kwa kawaida ni nyembamba kuliko bomba la milimita 100 au 110 linaloifuata. Lakini bomba hilo nalo lina viungo, kona, na mahali ambapo kitambaa kimoja kikinasa kinageuka wavu wa kushika vingine.

Sasa kile kipande cha bomba kilichopinda chini ya sinki. Wengi hukiona kama kosa la ujenzi, kwa nini maji yasinyooke yaende zake? Yale maji yanayobaki kwenye mkunjo ndiyo mlango unaozuia hewa chafu ya mtaro isiingie ndani. Ni ufundi wa zamani: Alexander Cumming alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya choo chenye bomba la mkunjo wa S mwaka 1775 huko Uingereza, na mpaka leo hakuna aliyekuja na kitu rahisi kuliko maji yenyewe. Lakini ndipo pia uchafu mzito hutua, pamoja na pete na vifuniko vya chupa. Vingi vya siku hizi ni vya plastiki na hufunguliwa kwa mkono. Weka ndoo chini, legeza zile nati mbili, kitoe, kisafishe kwa brashi, angalia mipira ya kuzuia kuvuja isiwe imekauka, rudisha. Mpangaji yeyote anaweza, na waliofanya mara moja hawaniiti tena kwa ajili hiyo.

Mkunjo huo huo ukikauka, nyumba inanuka hata kama hakuna kilichoziba. Hutokea kwenye tundu la sakafu lisilotumika, bafu la wageni, chumba kilichofungwa muda mrefu. Mwaga maji kidogo mara kwa mara, na kama chumba kitakaa kimefungwa, vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu ya maji hayo huchelewesha ukaukaji. Najua nimetoka kuyalaani mafuta. Hapa ni vijiko viwili, na maji yametulia.

Kuna kisa kimoja kilichotuhangaisha. Ghorofa ya juu yote maji yalishuka kwa kukoroma, choo kikivutwa kinanyonya maji ya beseni, harufu kila mahali. Tulifungua mikunjo, yote safi. Tukapitisha waya, ukapita. Yule mzee akauliza ngazi iko wapi, akapanda juu ya paa, akarudi na kiota cha ndege. Bomba la hewa lilikuwa limezibwa. Bomba hilo linalochomoza juu ya paa si pambo: maji yakishuka lazima hewa iingie nyuma yao, vinginevyo yanavutana na kunyonya maji ya kwenye mikunjo yote iliyo karibu. Tangu siku hiyo lina wavu wa chuma mdomoni, wenye matundu ya kupitisha hewa vizuri, na hakuna anayeruhusiwa kulifunika kwa kopo eti mvua isiingie. Mvua haina shida nalo.

Kuhusu dawa, nitasema ninavyoona. Magadi ya kuokea na siki, ambayo kila mtu anakushauri, hutoa povu la kupendeza na kazi ndogo sana. Kimoja ni asidi na kingine ni kinyume chake, vikikutana vinauana, unabaki na hewa ya kaboni, maji na chumvi kidogo. Kama kuna nafuu, mara nyingi imeletwa na maji ya moto yaliyomwagwa baadaye. Na hayo maji ya moto nayo yana mpaka wake. Mabomba ya PVC, ile plastiki ngumu, huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 80 hivi, kwa hiyo maji yanayochemka hayafai kumwagwa humo, na kwenye kauri ya choo yanaweza kuleta ufa. Maji ya moto ambayo mkono hauwezi kuyavumilia lakini yako mbali na kuchemka yanatosha.

Kostiki soda ni habari nyingine. Inakula kweli mafuta na nywele, lakini inachemka ikikutana na maji, inachoma ngozi na macho, na ikikutana na alumini hutoa hidrojeni, hewa inayoshika moto. Baya zaidi ni pale inapomwagwa kwenye bomba lililoziba kabisa: haiendi popote, inakaa pale juu ya uchafu ikimsubiri fundi afungue nati uso wake ukiwa chini. Yule mzee ana kovu mkononi la namna hiyo. Alichoomba ni kuambiwa tu, na mpangaji alikuwa ameona haya kusema. Ukishamwaga chochote, mwambie fundi kabla hajagusa. Na usichanganye dawa mbili. Klorini ya kung'arishia nguo ikikutana na asidi ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine ya sumu. Ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha hilo si jambo la kujaribu.

Kinachofanya kazi mara nyingi ni kile kikombe cha mpira chenye mpini, ila watu hukitumia vibaya. Kwanza lazima kuwe na maji ya kufunika mpira, kwa kuwa hewa hubonyea na maji hayabonyei. Pili, ziba lile tundu dogo la juu la beseni kwa kitambaa chenye maji, maana nguvu yote hutorokea hapo. Tatu, nguvu iwekwe kwenye kuvuta kama ilivyo kwenye kusukuma. Uchafu huachia kwa kutikiswa huku na huku. Cha choo kina mdomo wa ziada unaoingia ndani ya shimo, na kile cha sinki kiko bapa, vyema visibadilishane, kwa sababu ambazo sina haja ya kuzieleza.

Yapo ambayo usafi wako hauwezi kuyazuia. Bomba lililolazwa vibaya likawa na tumbo katikati litakusanya uchafu hapo hata kama mnaishi kama malaika. Mteremko unaotajwa sana kwa mabomba ya nyumbani ni sehemu 1 kwa 40, yaani kila mita moja inashuka sentimita mbili na nusu. Ukiwa mdogo mno maji hayana kasi ya kubeba. Kama mahali ni pale pale panaziba kila baada ya muda, acheni kulaumiana, mwiteni mtu mwenye kamera ya kupitisha ndani ya bomba. Kwetu tulikuta mizizi. Mti ulikuwa umeotea mbali kidogo na ukuta, lakini mizizi hufuata unyevu, na unyevu ulikuwa unatoka kwenye kiungo cha bomba la zamani la udongo wa kuchoma. Iliingia nyembamba, ikanenepea ndani. Kuikata kulitupa nafuu ya muda. Kubadilisha kile kipande kwa PVC ndiko kulikokomesha.

Na mafundi wenyewe wa ujenzi. Sijui ni nani aliwafundisha kuosha ndoo za saruji na brashi za rangi kwenye tundu la bafu. Saruji hugandia ndani ya maji vilevile, na hiyo haitoki kwa waya wala kwa dawa, ni kukata. Siku hizi kabla ukarabati wowote haujaanza naziba matundu yote ya sakafu kwa kitambaa na plastiki, kisha naonyesha ndoo ya kuoshea iliko. Mwisho wa kazi namwaga maji mengi mbele ya mkandarasi, kwenye kila tundu, kabla ya malipo ya mwisho.

Kwa walio na shimo lao la maji taka, tope hujaa chini na utando juu, na vikizidi huanza kutoka na maji na kuziba njia ya kuelekea ardhini. Miaka mitatu hadi mitano ndiyo muda unaotajwa sana kwa kulinyonya, lakini hutegemea ukubwa wake na idadi ya watu, hivyo ni bora kulifungua na kupima kina cha tope kuliko kungoja harufu. Dawa za kuua vijidudu zikimwagwa kwa wingi huua na wale bakteria wanaokufanyia kazi humo.

Mwisho ni mifuniko. Mpangaji mmoja aliweka vigae vizuri sana juu ya chemba ya uani, na kwa miezi hakuna aliyekumbuka kwamba ipo, mpaka siku tulipoihitaji. Tuliitafuta kwa kugonga sakafu. Baada ya hapo nilichora kwenye karatasi njia zote za mabomba, kila chemba, kila kiungo cha kufungulia, na upande maji yanakoelekea, nikaibandika ndani ya mlango wa chumba cha mita. Si mchoro wa kitaalamu, mistari yake imepinda. Lakini yule mzee ameshastaafu, na fundi kijana aliyechukua nafasi yake huanzia hapo mlangoni kabla hajatoa spana mfukoni.